Kutafuta Spea za Injini ya Canter: Kutoka Njombe hadi Gerezani, Dar es Salaam, na Kurudi

Maelezo haya nimeyapanga baada ya kurudi nyumbani Njombe, nikitumia daftari langu la hesabu, picha zilizobaki kwenye simu na bahasha ya risiti. Gari linalohusika ni Mitsubishi Canter yenye injini ya 4D32, ambayo hubeba viazi vyangu kutoka Uwemba hadi Makambako na, viazi vinapokwisha, hukodishwa kwa mbao. Ni injini ya silinda 4, yenye kipenyo cha silinda cha milimita 104 na mwendo wa pistoni wa milimita 105, ambayo ukiipigia hesabu unapata ujazo wa sentimita za ujazo 3,567. Nazitaja namba hizi mapema kwa sababu ndizo zilizoniongoza madukani, na kwa sababu injini za ukoo huu zinafanana sana kwa sura: 4D31 ina kipenyo cha milimita 100, 4D33 ina 108, na 4D34 ina 104 hiyohiyo lakini pistoni yake hutembea milimita 115. Muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa kifaa cha mojawapo akakuambia zote ni Canter, na wala hatakuwa amesema uongo.

Kabla ya kuondoka

Tangu masika injini ilikuwa ikinywa oili kupita kiasi na kutoa moshi wa buluu kila ilipopanda mlima. Ukifungua kifuniko cha kujazia oili huku inaunguruma, hewa ilikusukuma kiganja, hali ambayo mafundi huiita injini kupumua. Fundi wangu aliishusha, akaifungua yote juu ya meza, kisha akaomba kipande cha karatasi ili aniandikie orodha ya kawaida: pistoni seti, ringi seti, beringi seti, gasketi seti. Nilimwomba tuahirishe orodha hiyo mpaka tupate vipimo, kwa kuwa orodha ya namna hiyo humwachia muuzaji aamue mwenyewe ni seti ipi.

Mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi alikuja na maikromita yake jioni, baada ya kazi, na hakukubali malipo yoyote isipokuwa chai na viazi vya kuchemsha. Alipima slivu, yaani mabomba ya chuma ambamo pistoni hutembea, moja baada ya nyingine, juu, katikati na chini, kwa upande wa mbele na wa ubavuni. Juu kabisa, pale ringi ya kwanza inapogeukia, slivu mbaya kuliko zote ilikuwa imelika milimita 0.31 zaidi ya sehemu ya chini isiyofikiwa na ringi. Shingo za krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, zinazobeba konrodi (mikono inayoiunganisha na pistoni) zilikuwa zimepoteza mviringo wake. Tulipogeuza beringi kuukuu tukakuta mgongoni zimepigwa 025, yaani milimita 0.25, maana yake krenki hiyo ilishachongwa mara moja na fundi asiyejulikana, kabla gari halijawa langu. Hatua inayofuata ni 050. Kama ningenunua beringi za standadi, yaani za krenki isiyowahi kuchongwa, kama orodha ya kwanza ilivyodokeza, zingecheza ndani ya injini kama mguu wa mtoto katika kiatu cha babake.

Mizigo niliyofungasha kwa safari ya Gerezani, eneo la maduka ya spea Dar es Salaam, ilikuwa hii: krenki yenyewe, imepakwa oili na kuviringishwa katika gunia, bloku (mwili wa injini wenye silinda), konrodi moja pamoja na kofia yake na boliti zake, pistoni moja kuukuu yenye pini, ringi za pistoni hiyo, picha ya namba ya injini iliyopigwa kwenye bloku na ya kibati cha chesi, na mizani ndogo ya kielektroniki ya jikoni. Yeyote atakayesafiri kwa shughuli hii asiache sampuli nyumbani kwa kuogopa uzito. Picha ya simu haioneshi kina cha bakuli lililo juu ya pistoni, wala upana wa mfereji wa ringi.

Jumapili: Njombe, Makambako, Iringa

Nilipata nafasi katika lori la mbao lililokuwa likienda Iringa, na kwa Sh 30,000 dereva alikubali kunibeba mimi pamoja na bloku. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri katika ukungu mzito ambao haukuachana nasi mpaka tulipokaribia Makambako, ambako barabara ya Songea inakutana na barabara kuu ya Zambia. Hapo tulikunywa chai ya tangawizi na maandazi kwa mama mmoja aliyenipokea kwa "Kamwene!" kabla hata sijafunga mlango wa lori. Kati ya Makambako na Mafinga hakuna la kusimulia zaidi ya misitu ya misonobari na foleni ya mizani.

Iringa mjini ni juu mlimani, lakini gereji nyingi za magari makubwa ziko chini, Ipogolo, kando ya barabara kuu. Karakana niliyoelekezwa ina mashine ya kuchonga bloku, na msimamizi wake, kijana mpole mwenye miwani, aliipokea bloku yangu, akaiandika kwenye kitabu, kisha akaniuliza swali lililonifanya nimwamini: "Mama, pistoni ziko wapi?" Nilipomwambia nakwenda kuzinunua, akasema hataigusa bloku mpaka nizilete. Slivu za injini hii ni kavu, yaani haziguswi na maji kwa nje, bali hushindiliwa kwa nguvu ndani ya bloku. Zipo zinazouzwa zikiwa zimekamilika na zipo zinazouzwa zikiwa na nyama ya ziada ndani, ambazo huchongwa baada ya kushindiliwa ili zifuate pistoni uliyonayo mkononi. Yeye alipendelea za aina ya pili, kwa kuwa bloku yenye umri haibaki imenyooka, na slivu iliyokamilika huchukua umbo la tundu ilimoshindiliwa.

Mashine yake ya kuchonga krenki ilikuwa inasubiri jiwe jipya, kwa hiyo krenki ililazimika kuendelea na safari. Nililala gesti ya Sh 20,000 yenye maji ya moto, na chakula cha usiku kilikuwa ugali kwa kuku wa kienyeji, Sh 8,000.

Jumatatu: Iringa hadi Dar es Salaam

Basi liliondoka saa moja asubuhi. Nauli ilikuwa Sh 28,000, na kondakta alidai Sh 10,000 ya mzigo baada ya kujaribu kuinyanyua krenki kwa mkono mmoja na kuirudisha chini haraka. Nilimwomba ailaze juu ya magunia, isiwe inagongana na chuma, naye akatii bila kuuliza sababu. Sababu ni kwamba shingo za krenki husuguliwa kwa vipimo vya sehemu za mia za milimita, na pigo moja la jeki iliyolegea linaweza kuacha kovu.

Ilula tulipakia tenga za nyanya, na mwenye nyanya akaketi karibu nami. Tuliteremka Kitonga taratibu nyuma ya malori, tukala Ruaha Mbuyuni, ambako vitunguu vimening'inizwa barabarani kwa kilomita kadhaa, kisha tukapita Mikumi ambako basi hupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama na abiria wote hugeuka watoto kila wanapoona twiga. Kuanzia Morogoro hadi mizani ya Vigwaza nilisinzia.

Tulifika kituo cha Magufuli, Mbezi, saa mbili usiku. Nilikuwa nimepanga kulala palepale na kutafuta usafiri asubuhi, kwa kuwa mwendokasi si mahali pa kupandia na krenki begani. Mwenye nyanya, ambaye kufikia hapo nilishamwita dada, alikuwa amekodi kirikuu ya kupeleka nyanya zake soko la Ilala, naye akasema Ilala na Gerezani ni pua na mdomo, kwa nini nilale njiani. Tulibanana watatu mbele, krenki ikalazwa nyuma juu ya tenga tupu. Alikataa nilipotaka kuchangia mafuta, akakubali tu nimnunulie soda. Gesti ya Kariakoo yenye feni iliyofanya kazi nusu usiku ilinigharimu Sh 30,000.

Jumanne: Gerezani

Asubuhi nilikunywa supu na chapati mbili, kisha nikaanza na karakana ya kuchonga krenki kabla ya duka lolote. Mzee aliyekuwa kwenye mashine alijibu shikamoo yangu bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake, na baadaye, alipomaliza, alinifanyia subira ambayo sijaikuta kwa mtu wa shughuli nyingi kama yeye. Aliiosha krenki, akaipitisha kwenye sumaku na kuinyunyizia unga laini wa chuma, kwa sababu mahali penye ufa unga hujikusanya na kuchora mstari. Haukutokea mstari. Akapima shingo zote na kunisomea namba niziandike, nazo zilikubaliana na za mwalimu wa Njombe isipokuwa moja, ambayo aliirudia mbele yangu.

"Nitaichonga kwenda 050," alisema, "lakini niletee beringi kwanza. Mimi nachonga kwa beringi iliyopo, sichongi kwa kitabu peke yake."

Kisha akanionesha jambo ambalo wateja wengi hawaliangalii. Pale shingo inapokutana na ubavu wa krenki pana kona ya mviringo, na mchongaji mwenye haraka huiacha ikiwa kali kama pembe ya sanduku. Krenki ya namna hiyo hukatika hapohapo siku moja ya mlima, tena ikiwa na beringi mpya kabisa. Alinipa krenki iliyokatika, iliyokuwa imewekwa mlangoni kuzuia mlango, nipitishe kidole kwenye kona yake. Kwa atakayepeleka krenki yake popote, hiyo ndiyo sehemu ya kuikagua kabla ya kulipa, na kidole kinatosha.

Saa zilizobaki zilikuwa za beringi. Gerezani na mitaa inayoizunguka ina maduka ya spea mpya, vibanda vya spea za mtumba zilizotolewa kwenye magari yaliyokatwa Japani, na vijana wanaotembea katikati ya hayo mawili wakijitolea kukupeleka kwa "ndugu yangu". Vijana hao si wabaya, ila bei ya ndugu yao ina mgawo wao ndani yake. Katika kila duka nilikaribishwa kwa swali lilelile, "Mama, fundi amekutuma nini?", na katika kila duka nilifungua daftari.

Duka la kwanza lilinipa beringi za konrodi zenye boksi zuri, la rangi kali na lebo inayong'aa. Nikatoa konrodi yangu na kofia yake. Beringi nzuri ikiwa bado haijafungwa huwa imepanuka kidogo kuliko kiti chake, kwa hiyo ukiisukuma kwa dole gumba inaingia kwa kubana na kukaa hata ukiigeuza kofia juu chini. Ya boksi zuri ilidondoka kwenye kaunta. Muuzaji aliitazama, akanitazama mimi, akairudisha ndani ya boksi, na hatukuwa na neno zaidi.

Duka la nne au la tano hivi lilikuwa la mwanamke wa makamo aliyekuwa akila wali maharage nyuma ya kaunta, na ambaye alinikaribisha chakula kabla ya biashara. Alikuwa na Taiho na Daido, zote za Japani, katika maboksi yaliyofifia kwa kukaa. Mgongoni kulikuwa na 050 iliyopigwa kwa muhuri wa chuma, kingo zilikuwa laini, na ilipoingia kwenye konrodi ilibana. Beringi za meni, zinazobeba krenki ndani ya bloku, nilizilipia Sh 130,000, za konrodi Sh 95,000, na wosha zinazozuia krenki isicheze mbele na nyuma Sh 35,000. Aliandika namba za vifaa kwenye risiti ya mashine bila kuombwa. Nikamrudia mzee wa krenki kabla hajafunga.

Risiti yenye maelezo kamili ni jambo la kusisitiza. Muuzaji na mnunuzi wote wanabanwa na sheria ya risiti, lakini zaidi ya hapo, kifaa chenye namba yake kwenye risiti kinarudishika. Kilichoandikwa "spea" tu hakina pa kurudi.

Jumatano: pistoni

Siku nzima ilikuwa ya pistoni, na ilistahili. Mchana jua la Dar es Salaam liliniumiza mimi wa nyanda za juu, nikawa nahama kivuli hadi kivuli na chupa ya maji.

Bei ziligawanyika katika ngazi ambazo mtu huzitambua haraka. Chini kabisa palikuwa na seti kamili ya pistoni, slivu, ringi, pini, beringi na gasketi, vyote katika sanduku moja, kwa Sh 900,000. Juu palikuwa na vifaa vya majina ya Japani, kila kimoja kivyake, ambavyo kwa pamoja vilizidi mara mbili ya hapo. Katikati palikuwa na eneo la mashaka, ambako majina ya Japani yaliuzwa kwa bei ambayo Japani yenyewe isingeimudu.

Sikulidharau sanduku la Sh 900,000. Niliomba kulipima, na muuzaji, kwa uungwana, akakubali. Pistoni nne nilizipanga juu ya mizani ya jikoni moja baada ya nyingine: tatu zilikaribiana, ya nne iliwazidi wenzake kwa gramu 19. Injini inayozunguka mara elfu mbili kwa dakika huihisi tofauti hiyo katika kila mzunguko. Isitoshe, beringi zilizokuwamo zilikuwa za standadi, na hazikuweza kubadilishwa bila kuvunja seti. Ubaya mkubwa wa seti kamili, hata iliyo nzuri, ni huo: inadhani injini yako haijawahi kuguswa.

Katika eneo la mashaka nilikutana na boksi la ringi lenye jina kubwa la Japani, likiwa na herufi moja iliyokosewa katika neno la maelekezo. Nilipoomba kufungua niliambiwa ukifungua umenunua. Hapo ndipo nilipojiwekea kanuni iliyonisaidia hadi mwisho, kwamba asiyekubali kufunguliwa boksi na kupimwa kifaa chake sitanunua kwake, hata kama boksi hilo ni halali. Tume ya Ushindani hufanya misako ya bidhaa bandia, lakini haiwezi kusimama nawe kwenye kila kaunta.

Pistoni nilizochukua nilizipata ghorofani, kwa mzee wa Kihindi aliyezungumza Kiswahili cha Kariakoo kuliko mimi. Alinitandikia gazeti juu ya meza, akaniacha nipime nitakavyo, akaendelea kusoma. Tofauti kati ya nzito na nyepesi ilikuwa gramu 3. Bakuli la juu lilifanana na la pistoni yangu kuukuu kwa umbo na kina. Mifereji ilipokea ringi kuukuu bila kulazimisha. Ringi zake zilikuwa za Riken, kila moja ikiwa na alama ndogo karibu na mdomo, inayopaswa kutazama juu wakati wa kufunga. Nilimwuliza kwa nini haziweki dirishani. "Dirishani nimeweka zinazouzika," alijibu. Pistoni, pini na ringi zilikuwa Sh 980,000, slivu nne zenye nyama ya ndani Sh 220,000. Kabla ya kuzifunga alizigonga slivu moja moja kwa ufunguo, zikalia vizuri, akaeleza kuwa yenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Alhamisi: gasketi, pampu, noza

Gasketi za seti nzima zilipatikana mapema, Sh 185,000. Niliilaza gasketi ya silinda hedi juu ya karatasi niliyokuwa nimeichora kutoka kwenye bloku yangu, na matundu yote ya maji na oili yakaitika. Mchoro huo wa penseli uliniokoa usumbufu wa kubeba gasketi kuukuu iliyopasuka.

Pampu ya oili nilinunua ya mtumba, Sh 160,000, na hapa najua wapo watakaonipinga. Ilitoka kwenye injini ya Japani iliyokuwa palepale kibandani, bado imefungwa, na kijana aliifungua mbele yangu. Meno hayakuwa na mikwaruzo, na fila geji, kibati chembamba cha kupimia nafasi, iliingia kwa nafasi ndogo kuliko ya pampu mpya ya bei rahisi niliyokuwa nimeiona duka la jirani. Kwa vitu kama pampu ya oili, konrodi na krenki, mimi nachagua mtumba ambao asili yake naiona kuliko kipya kisichojulikana baba yake. Kwa ringi, beringi, gasketi na noza, mtumba siugusi.

Noza nne, yaani vinyunyizi vya dizeli, Sh 45,000 kila moja, nilizinunua kwenye duka la pampu za dizeli kwa sababu moja tu, kwamba wana mashine ya kuzijaribu. Fundi alizifunga moja moja, akasukuma mkono wa mashine, na dizeli ikatoka kama ukungu kisha ikakatika ghafla. Moja ilibaki na tone mdomoni. Aliiweka pembeni, akachukua nyingine, akairudia. Noza inayodondosha huosha oili kwenye ukuta wa silinda, na ringi mpya za gharama huliwa kabla hazijakaa, kwa hiyo kununua noza bila kuiona ikipuliza ni kuitupa kazi ya juma zima.

Alasiri nilichukua krenki, Sh 180,000. Mzee alikuwa ameipima na beringi zangu, ameisafisha njia za oili kwa brashi ndefu, na kona zake zilikuwa za mviringo. Mama lishe wa jirani, ambaye kwake nilikula samaki kwa wali siku zote hizo kwa Sh 4,000, aliihifadhi krenki chini ya meza yake pamoja na maboksi yote wakati nikienda kukata tiketi, na niliporudi nilikuta ameifunika kwa kanga yake mwenyewe ili isipate maji ya vyombo.

Ijumaa: kurudi

Basi la asubuhi kutoka Mbezi lilikwenda vyema hadi mchana. Pistoni na beringi nilizipakata. Krenki ilikuwa chini kwenye buti, juu ya magodoro ya mwanafunzi. Kupanda Kitonga kulitushinda kwa saa nne, kwa kuwa lori lilikuwa limekufa kwenye kona na magari yakawa yanapishwa upande mmoja kwa zamu. Vijana wakaja na mahindi ya kuchoma na karanga, bei ikipanda kadiri foleni ilivyozidi kuwa ndefu. Dereva wa lori la nyuma yetu, mtu wa Tunduma, aliniona nimekumbatia maboksi, akauliza ni ya injini gani, na tukaijadili gereji nzima pale kando ya barabara. Ni yeye aliyenishauri nikague thamostati, ile valvu ya maji ya kupoza injini, kabla ya kufunga, kwa kuwa wengi hutengeneza injini iliyochemka bila kutafuta kilichoichemsha. Ipogolo tuliingia saa tano usiku.

Jumamosi: Ipogolo

Yule kijana wa miwani alipima pistoni nne, akaandika namba juu ya kila moja kwa kalamu ya wino mzito, na kuanzia hapo kila silinda ikawa na pistoni yake. Slivu kuukuu zilitoka kwa mashine ya kukandamiza, mpya zikaingia, zikachongwa, kisha zikasuguliwa kwa mawe yanayozunguka yakipanda na kushuka ili kuacha mikwaruzo ya kupishana, ambayo ndiyo hushika oili. Kuitazama kazi hiyo kulikuwa kuzuri kuliko nilivyotarajia, na niliketi juu ya ndoo mpaka jioni. Gharama ilikuwa Sh 240,000. Bila nauli, malazi na chakula, vifaa na uchongaji vilifikia Sh 2,405,000.

Juma lililofuata: Njombe

Jumapili nilisafiri na bloku katika lori tupu la viazi. Jumatatu na Jumanne fundi alifunga, mwalimu akawapo kwa hiari yake na maikromita. Kila ringi iliingizwa peke yake ndani ya silinda, ikasukumwa iwe sawa kwa kichwa cha pistoni, na nafasi ya mdomo ikapimwa kwa fila geji. Kanuni ya jumla ni takriban milimita 0.3 hadi 0.4 kwa silinda ya milimita 100, na zetu zote zilikaa humo. Boliti zilikazwa kwa spana ya kipimo iliyoazimwa kutoka chuoni, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje. Thamostati niliyoshauriwa Kitonga tuliichemsha ndani ya sufuria, ikagoma kufunguka, tukaweka mpya iliyopatikana palepale Njombe.

Injini iliwaka Jumatano kabla ya saa sita. Kwa kilomita 1,000 za mwanzo dereva alibeba nusu ya mzigo na hakuruhusiwa kuilazimisha mlimani, kisha oili ya kwanza ikamwagwa, filta ikabadilishwa na nafasi za valvu zikarekebishwa. Oili haipungui kati ya Uwemba na Makambako, na mkono juu ya mdomo wa oili hausukumwi. Rejeta ndiyo bado inavuja kwenye kona ya chini, nayo itafunguliwa wiki ijayo.